Lucky Dube: Mlinzi wa magari aliyeipata rege kwenye santuri za Peter Tosh

KABLA ya redio za FM kuenea nchini, muziki wa rege uliingia vijijini ukiwa ndani ya mifuko ya mashati. Katika vituo vya biashara vya Usukumani kama Kiloleli, kwenye nchi ya pamba na ng'ombe ambayo tangu mwaka 2012 imo ndani ya Mkoa wa Simiyu, kanda ya muziki haikununuliwa na kila mtu. Ilinunuliwa na mmoja, aghalabu baada ya mauzo ya pamba, huko Mwanza mjini. Wengine wote waliazima. Aliyeazimwa alikaa nayo siku mbili tatu, akaanika betri juani ili zipate nguvu ya kumaliza upande wa pili, akairudisha kanda mwanzo kwa kuizungusha na kalamu ya Biki, kisha akaipeleka kwa mwenyewe au, mara nyingi zaidi, kwa rafiki mwingine ambaye mwenyewe hakumfahamu.

Jina lililoandikwa kwa mkono kwenye kanda nyingi za namna hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1980 na kwa miaka yote ya 1990, lilikuwa la mtu mmoja: Lucky Dube. Bob Marley alikwishafariki tangu Mei 1981 na picha yake ilikuwa imechorwa kwenye kuta za vinyozi na migongo ya malori, lakini aliyesikika zaidi jioni, redio ikiwa imewekwa juu ya kigoda nje ya nyumba, alikuwa huyu Mzulu wa Afrika Kusini mwenye sauti iliyoweza kupanda hadi ya mtoto na kushuka hadi ya mzee katika wimbo mmoja.

Pengine wengi wa waazimaji hao hawakujua kwamba mwimbaji huyo naye aliupata muziki wa rege kwa njia isiyotofautiana sana na ya kwao. Aliupata kwenye santuri chache alizozidunduliza, katika nchi ambayo redio yake ya taifa haikutaka kabisa kuusikia.

Lucky Philip Dube alizaliwa Agosti 3, 1964, Ermelo, mji wa mahindi, kondoo na makaa ya mawe katika eneo lililokuwa likiitwa Transvaal ya Mashariki, ambalo leo ni Jimbo la Mpumalanga. Wazazi wake walitengana kabla hajazaliwa. Mama yake, Sarah, alikuwa amepoteza mimba kabla yake, na kuzaliwa kwake salama kulimfanya ampe mtoto jina lenye maana ya mwenye bahati. Bahati hiyo haikuambatana na mali. Mama alilazimika kuondoka kwenda kutafuta kazi mbali, na Lucky pamoja na ndugu zake, Thandi na Patrick, wakalelewa na bibi yao. Baadaye sana, akiwa tayari mtu wa kimataifa, aliendelea kumtaja bibi huyo kuwa ndiye aliyemfanya awe mtu.

Alianza kazi angali mtoto, akitunza bustani za watu. Malipo yalikuwa madogo mno kiasi cha kumfanya aone kwamba heri shule. Na shule yenyewe ilikuwa ile iliyowekwa na sheria ya mwaka 1953 kuhusu elimu ya Waafrika, iliyokusudia kumwandaa mtoto mweusi kwa kazi za chini tu. Juni 16, 1976, wanafunzi wa Soweto walipomiminika barabarani kuipinga elimu hiyo na kupigwa risasi, Lucky alikuwa na umri wa miaka 11.

Shuleni aliingia kwaya, na akiwa na wenzake akaunda kundi lake la kwanza, lililoitwa The Skyway Band. Shuleni hapohapo ndipo alipokutana na jambo jingine lililombadilisha. Katika kusomasoma vitabu alikuta habari za Marasta: watu weusi wa kisiwa cha Jamaica, wajukuu wa watumwa, waliomheshimu Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia na kuihesabu Afrika kuwa nyumbani kwao. Kwa kijana ambaye sheria za nchi yake zilimhesabu kuwa mgeni kwenye ardhi aliyozaliwa, hayo yalikuwa maneno mazito. Alitaka kujua zaidi, na vitabu havikutosha. Ikambidi atafute santuri.

Hapa inafaa kueleza hali ya muziki ilivyokuwa chini ya utawala wa Makaburu. Shirika la utangazaji la serikali, SABC, liliendesha idhaa za Waafrika zilizogawanywa kwa makabila, Wazulu na yao, Wasotho na yao, Waxhosa na yao, ili kila mmoja abaki kwenye kizimba chake. Kila wimbo ulipitiwa na wakaguzi kabla ya kurushwa. Uliokataliwa haukuishia kuandikwa kwenye orodha tu. Watumishi wa maktaba ya shirika waliichukua santuri na kuukwaruza wimbo huo kwa kitu chenye ncha, ili hata mtangazaji mkaidi asiweze kuupiga. Nje ya redio, sheria ya machapisho ya mwaka 1974 iliiruhusu serikali kupiga marufuku santuri, kitabu au filamu yoyote iliyoonekana kuhatarisha usalama.

Tanzania nayo isijisahau. Mwaka 1969 viongozi wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul wa Wamarekani weusi kwenye kumbi za jiji, kwa hoja kwamba unaharibu vijana, na kwa miaka mingi Radio Tanzania ilibana muziki wa Magharibi ili kuupa nafasi wa nyumbani. Sababu zilikuwa tofauti kabisa, na bendi za dansi za Tanzania zilinufaika mno, lakini matokeo kwa mpenzi wa muziki wa nje yalifanana: kilichokosekana hewani kilitafutwa kwa rafiki.

Katika maduka ya Afrika Kusini rege ilikuwa adimu, na iliyopatikana kwa Lucky ilikuwa hasa ya Peter Tosh. Alikusanya senti zake akazinunua.

Tosh alikuwa mmoja wa watatu walioanzisha The Wailers, pamoja na Bob Marley na Bunny Livingston. Jina lake halisi lilikuwa Winston Hubert McIntosh, aliyezaliwa Oktoba 19, 1944 katika Parishi ya Westmoreland, magharibi mwa Jamaica. Baada ya kuachana na wenzake alitoa albamu ya Legalize It mwaka 1976 na Equal Rights mwaka 1977. Hii ya pili ndiyo iliyokuwa na wimbo ulioitwa Apartheid, kwa jina lilelile ambalo Makaburu waliupa mfumo wao. Marley alijua kubembeleza. Tosh hakubembeleza mtu. Aliimba kama anayesoma mashtaka mahakamani. Mtu akizisikiliza leo albamu za mwanzo za rege za Lucky Dube, mapigo ya gitaa, besi iliyotangulia mbele na ile namna ya kuutamka ubeti kwa ukali, atamtambua mwalimu wake mara moja.

Lakini kuisikiliza rege na kuipiga ni mambo mawili. Alipofika umri wa miaka 18 Lucky alijiunga na bendi ya binamu yake, The Love Brothers, iliyopiga mbaqanga. Neno hilo kwa asili ni jina la chakula cha unga wa mahindi cha Wazulu, na muziki wenyewe ulikuwa hivyohivyo: chakula cha kila siku cha mfanyakazi wa mjini, magitaa ya kurukaruka, sauti nzito ya mwanamume mbele na wanawake wakiitikia nyuma. Muziki haukutosha kumlisha, hivyo mchana alikuwa mlinzi kwenye mnada wa magari huko Midrand, kati ya Johannesburg na Pretoria. Alilinda magari ya watu wengine. Jambo hilo lisisahaulike, kwa sababu gari ndilo litakaloumaliza mkasa huu.

Bendi ilisaini mkataba na kampuni ya Teal, ambayo baadaye ilimezwa na Gallo, chini ya usimamizi wa Richard Siluma, jamaa yake aliyekuwa mtayarishaji wa muziki. Lucky alikuwa bado mwanafunzi, kwa hiyo walirekodi Johannesburg wakati wa likizo. Albamu ya kwanza ilitoka kwa jina la Lucky Dube and the Supersoul, na nyingine zikafuata karibu kila mwaka. Moja iliitwa Abathakathi, yaani wachawi. Aliimba kwa Kizulu, akaanza kutunga mwenyewe, na wakati huohuo akawa anajifunza Kiingereza. Rekodi zake za mbaqanga ziliuzwa kiasi cha nakala 30,000 hivi kila moja. Kwa kijana aliyeanza na jembe la bustani, hayo yalikuwa maisha.

Ndani ya maonesho yake, hata hivyo, alikuwa akichomeka wimbo mmoja mmoja wa rege. Watazamaji waliupokea kuliko alivyotarajia. Ardhi ilikuwa imekwishalainishwa: Jimmy Cliff alikuwa ametumbuiza Soweto mwaka 1980, jambo lililozusha ubishi kwa kuwa wasanii wa dunia walikuwa wameombwa kuisusia nchi hiyo, na Aprili mwaka huohuo Bob Marley alikuwa amepiga katika Uwanja wa Rufaro, Salisbury, usiku wa uhuru wa Zimbabwe, nchi jirani na Afrika Kusini. Ila hakuna kampuni ya Johannesburg iliyoamini kwamba Mzulu anaweza kuuza rege.

Mwaka 1984 Lucky na Siluma wakafanya jambo la hatari kwa watu walioajiriwa. Waliingia studio na kurekodi rege bila kuwaarifu wakubwa wa kampuni. Zao lake lilikuwa albamu fupi iliyoitwa Rastas Never Die. Iliuzwa nakala 4,000 tu hivi. Ukilinganisha na zile 30,000, ilikuwa aibu. Mwaka uliofuata serikali ikaipiga marufuku. Kampuni ilimtaka arudi kwenye mbaqanga, na hesabu zilikuwa upande wa kampuni.

Hapo ndipo palipokuwa na uamuzi halisi wa maisha yake. Alikuwa na umri wa miaka 20 na ushee, ana jina, ana soko, ana familia ya kuisaidia, na muziki aliotaka kuupiga ulikuwa umeshindwa dukani na kukatazwa na dola kwa mpigo mmoja. Alirekodi mbaqanga nyingine, kwa kuwa lazima ale, lakini akarudi studio tena kwa ajili ya rege. Think About the Children ya mwaka 1985 iliuza kiasi cha kumpatia tuzo ya platinamu. Mhandisi wa sauti Dave Segal alikwishamshauri aachane na jina la Supersoul, na tangu hapo rekodi zikabeba jina lake peke yake.

Mwaka 1987 ikatoka Slave, ikafuatiwa na Together as One mwaka 1988 na Prisoner mwaka 1989. Hizi tatu ndizo zilizovuka mipaka. Ndizo zilizofika Nairobi, Kampala, Lubumbashi, Dar es Salaam na hatimaye kwenye mifuko ya mashati ya Kiloleli.

Inachekesha kidogo kwamba wimbo uliompa jina, Slave, ulichukuliwa na wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki kuwa ni kilio dhidi ya Makaburu. Kiingereza kilikuwa chache na jina lenyewe lilitosha. Kumbe wimbo unamhusu mtu aliyekuwa mtumwa wa pombe. Lucky Dube mwenyewe hakunywa wala hakuvuta sigara, na tofauti na Marasta wengi wa jukwaani, bangi pia hakuigusa. Kwa mujibu wa waliofanya naye kazi, alikuwa mtu wa mazoezi na nidhamu, jambo lililowashangaza waandaaji wa maonesho waliozoea vituko.

Katika Prisoner umo wimbo wa Remember Me, ambamo mtoto anamwita baba aliyekwenda mjini na asirudi tena. Hakuhitaji kutafiti habari hiyo. Ilikuwa historia ya nyumba nyingi za Afrika Kusini, ambako wanaume walikusanywa kwenye mabweni ya migodi na kuruhusiwa kuona wake zao mara moja kwa mwaka, na yeye mwenyewe alikua bila baba. Anayetaka kujua kwa nini mwimbaji huyu alipendwa na watu wasioelewa nusu ya maneno yake, aanzie hapo. Aliimba siasa kwa kuimba mambo ya nyumbani: mlevi, ndoa iliyovunjika, mtoto anayemsubiri baba mlangoni.

Kwa Watanzania kulikuwa na jambo la ziada. Kwa miaka mingi pasipoti zao hazikuruhusiwa kutumika kwenda Afrika Kusini. Nchi hiyo waliijua kwa njia ya mapambano. Wapigania uhuru wa ANC walikuwa na shule yao Mazimbu, Morogoro, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu mwaka 1979, na makazi mengine Dakawa. Sauti ya ANC, Radio Freedom, ilirushwa kupitia mitambo ya Radio Tanzania. Mtu wa Usukumani alikuwa amesikia habari za Afrika Kusini kwa muda mrefu kutoka kwa wanasiasa na watangazaji. Sasa akasikia Mwafrika Kusini anayeimba, tena mwenye lugha ambayo watu wake huitwa abantu, jirani kabisa na bhanhu wa Kisukuma.

Tena alicheza. Waliobahatika kuona mikanda yake ya video waliona mtu anayerusha mguu juu ya kichwa kama wapiga ngoma wa Kizulu, waitikiaji wa kike wakimfuata hatua kwa hatua. Katika nchi ya Bagika na Bagalu, ambako vyama viwili vya ngoma hushindana uwanjani na mwimbaji asiyejua kuwavuta watu hukimbiwa na watazamaji wote, hilo lilikuwa na uzito wake. Marasta wa Jamaica walisimama na gitaa wakatikisa nywele. Huyu alipiga mbina. Na hapo ndipo mbaqanga, muziki aliodhaniwa kuutupa, ulipojificha: katika sauti za wale akina mama, katika kinanda chake kinachong'aa, katika miguu. Santuri za Tosh zilimpa rege, lakini aliipiga kwa mwili aliokuwa nao tangu zamani.

Mwalimu wake hakuishi kuona mengi ya hayo. Septemba 11, 1987, majambazi wenye bunduki waliingia nyumbani kwa Peter Tosh jijini Kingston wakidai fedha, wakampiga risasi na kumuua. Alikuwa na umri wa miaka 42.

Mwaka 1991 mwanafunzi akaenda kwenye nchi ya mwalimu. Lucky Dube alialikwa kwenye tamasha la Reggae Sunsplash nchini Jamaica, akiwa msanii wa kwanza wa Afrika Kusini kupanda jukwaa hilo. Kuwapelekea Wajamaika rege ni sawa na kuwapelekea watu wa Ukerewe samaki. Alipomaliza, watazamaji walikataa ashuke. Alirudishwa jukwaani na kupiga kwa dakika 25 zaidi, jambo ambalo halikumtokea msanii mwingine yeyote mwaka huo.

Mafanikio yaliyofuata yanaweza kutajwa kwa haraka. House of Exile ilitoka mwaka huohuo wa 1991, na Victims ya mwaka 1993 iliuza zaidi ya nakala milioni moja duniani. Mwaka 1995 alisaini na kampuni maarufu ya Motown ya Marekani. Mwaka 1996 alitunukiwa tuzo ya World Music Awards ya msanii wa Afrika aliyeuza zaidi. Alizunguka na akina Peter Gabriel na Sting, akacheza filamu kadhaa, na Julai 2, 2005 alikuwamo kwenye jukwaa la Live 8 jijini Johannesburg, siku ambayo Mzee Nelson Mandela naye alihutubia. Alikwishafanya pia mzaha mmoja ambao mashabiki wake wa Afrika Mashariki hawakuujua kabisa: kurekodi kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu, kwa jina la bandia la Oom Hansie. Kwa jumla alitoa albamu 22 kwa Kizulu, Kiingereza na Kiafrikana. Ya mwisho, Respect, ilitoka mwaka 2006.

Fedha za mauzo ya kanda za mikononi hazikumfikia. Maduka ya kurekodia yaliyotapakaa katika miji ya Afrika Mashariki yalinakili albamu zake bila senti moja kurudi Johannesburg. Tanzania haikuwa na sheria mpya ya hakimiliki hadi mwaka 1999. Ni deni ambalo mashabiki wake wa huku hawakuwahi kulilipa, ingawa bila maduka hayo wengi wasingemfahamu.

Baada ya uhuru wa mwaka 1994 nyimbo zake zilibadili mlengwa. Makaburu walikuwa wameondoka Ikulu, lakini bunduki zilibaki mitaani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliimba kuhusu uhalifu na ufisadi, kuhusu raia anayetoka nyumbani asijue kama atarudi, na wanasiasa wenye walinzi wasioiona hali hiyo. Aliimba pia, tangu zamani, kuhusu rangi nyingi za watu mmoja, na bendi yake, iliyowahi kuitwa The Slaves, ikachukua jina la One People.

Usiku wa Oktoba 18, 2007, kabla tu ya siku ambayo Peter Tosh angetimiza miaka 63, Lucky Dube alikuwa akiendesha gari katika kitongoji cha Rosettenville, kusini mwa Johannesburg. Gari lilikuwa Chrysler 300C. Alikuwa amewapeleka watoto wake wawili kwa ndugu yake. Watu wenye silaha waliokuwa wakiwinda gari la kupora walimfuata na kumpiga risasi. Alijaribu kuliondoa gari akiwa amejeruhiwa, likagonga mti. Alifia hapohapo, akiwa na umri wa miaka 43, baba wa watoto saba.

Wauaji waliondoka bila gari. Kesi iliposikilizwa, mahakama ilielezwa kwamba hawakumtambua. Walidhani ni Mnigeria. Machi 31, 2009 watu watatu walitiwa hatiani, nao wakahukumiwa kifungo cha maisha.

Maelezo hayo ya Unigeria yaliwauma wengi kuliko risasi yenyewe. Ni kana kwamba kama angekuwa Mnigeria kweli, habari ingekuwa ndogo. Mei 2008, miezi saba tu baada ya mauaji hayo, makundi ya watu katika vitongoji vya Johannesburg na miji mingine yaliwageukia wageni kutoka nchi nyingine za Afrika, na watu zaidi ya 60 wakauawa. Baadhi ya nchi walikotoka wahanga hao ndizo zilizowahi kuwahifadhi wapigania uhuru wa Afrika Kusini.

Lucky Dube alizikwa kwenye shamba lake karibu na Newcastle, KwaZulu-Natal. Binti yake, Nkulee Dube, alishika kipaza sauti na kuwa mwimbaji kwa jina lake mwenyewe. Bendi ya One People iliendelea kuzipiga nyimbo za bosi wao kwenye majukwaa ya nchi mbalimbali.

Nchini Tanzania rege ilikwishapata watu wake kitambo, akina Jah Kimbute jijini Dar es Salaam na marehemu Justin Kalikawe, mwana wa Bukoba, aliyekuwa na sauti yake ng'ambo ya pili ya Ziwa Victoria. Kanda nazo zilikwisha. Redio za kaseti zilikosa vipuri, na kwenye vibanda vya minadani kazi ya kunakili ikahamia kwenye memori kadi za simu. Kijana hutoa kadi yake, mwenye kibanda humuuliza anataka nyimbo za nani, na katika orodha ndefu ya Bongo Fleva na nyimbo za Kisukuma huwekwa pia Slave, Prisoner na Remember Me. Akifika nyumbani, mwenzake humwomba amrushie.